Mkate Uliofika Mapema

Haya, sogeeni karibu niwatege. Nilimtoa mwanangu kwa dirisha amevaa nguo mpya, na kila aliyemwona njiani akamsifu. Akarudi kwa mlango amechakaa, ananuka, nami nikamwambia karibu mgeni, pole na safari. Sikumjua kuwa ni wangu. Mwana huyo ni nani?

Msiharakishe kunipa mji. Mji nitaupokea baadaye, mkishashindwa. Kwanza nisikilizeni habari za mwanamke mmoja wa kiwanda cha mkate, maana yeye kitendawili hiki alikaa nacho chumba kimoja na hakukitambua.

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho alichokining'iniza shingoni, lakini hakuna aliyehangaika kulisoma. Watu walimwita Dada Pole. Kazi yake ilikuwa uhusiano wa umma, yaani ndiye aliyeandika matangazo ya kiwanda, na ndiye aliyewapokea watu waliokuja na maneno yao. Chumba chake kilikuwa ubavuni mwa geti, kidogo, safi, kina milango miwili. Mlango mmoja ulifungukia barabarani, na huo ndio waliouingilia wateja. Wa pili ulifungukia uani, kwenye tanuri na meza za kufungashia mkate, ila huo wa pili ulikuwa umezibwa na maboksi yaliyopandana hadi juu. Ndani ya maboksi mlikuwa na kalenda na fulana, na juu ya kila kalenda na kila fulana yamechapwa maneno haya: Kabla hujaamka, tumefika.

Maneno hayo aliyatunga Dada Pole mwenyewe. Meneja aliyapenda mno. Akayaandikisha kwa rangi kwenye magari yote na kwenye kuta za maduka, kisha akamwambia Dada Pole kwamba mambo yakienda hivi atamhamishia makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia.

Basi, asubuhi moja akaingia mama mmoja mnene, amekumbatia mfuko kifuani, amefura kama andazi.

"Wewe ndiye mwenye kiwanda?"

"Hapana, mama, mimi ni wa kukusikiliza. Karibu ukae. Pole na jua."

"Sikuja kukaa," akasema yule mama, akakaa. Akaufungua mfuko. Mkate ulikuwa umeota ukungu wa kijani ubavuni, kama ukuta wa bafu lisilo na dirisha. "Huu nimeununua jana. Sikusema mwezi jana, nasema jana. Watoto wangu waende shule wamekula nini, rangi ya ukuta?"

Dada Pole hakubisha wala hakutazama saa. Aliinama kidogo, akaweka mikono mezani, akasikiliza mpaka yule mama akaishiwa. Akamuuliza watoto wako darasa la ngapi, na yupi msumbufu kuamka. Akasema pole kwa namna yake, ile ya kushusha sauti mwishoni kama mtu anayetua ndoo taratibu isimwagike. Kisha akatoa mkate mpya kabatini, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Wewe mtoto una dawa," akasema yule mama akiinuka. "Nimetoka nyumbani na ugomvi wangu mzima, na sasa siuoni ulikokwenda."

Akaondoka anacheka. Dada Pole akautia ule mkate wa ukungu kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza, akaifunika, akapangusa meza. Ndoo ile siku hizi ilijaa upesi, na jioni ilimwagwa kwenye gari la taka. Yeye jambo hilo halikumsumbua. Alichojivunia ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kutoka mle ndani na hasira.

Nyumbani Dada Pole aliishi na mama mkwe wake na wifi yake, maana mumewe alikuwa na kazi ya mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Wifi naye alikuwa wa kiwanda hicho hicho, msimamizi wa wafungashaji. Wenyewe waliondoka nyumba moja, wakafanya kazi ndani ya ukuta mmoja, na kutwa nzima hawakuonana, mmoja yuko barabarani na mwingine uani.

Jioni ile mama mkwe alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Wifi akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye beseni la maji baridi, akachovya vidole.

"Vimekuwaje tena?" Dada Pole akauliza.

"Vimeshika mkate. Wewe huwezi kujua, unashika kalamu."

"Pole, wifi. Hata kalamu inachosha."

"Inachosha wapi? Wewe ukichoka kusema pole unasema samahani, ndiyo mapumziko yako."

Mama mkwe akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. Dada Pole naye akacheka, akawasimulia habari za yule mama mnene, alivyoingia amefura na alivyotoka amenywea. Aliigiza vizuri, hata wifi akatoa vidole majini apate kupiga makofi. Ni mama mkwe peke yake aliyerudi kwenye mchele wake.

"Na yale maneno yake umeyafanya nini?" akauliza.

"Nimeyapokea, mama."

"Nimesikia umeyapokea. Mtu akipokea mzigo, anaufikisha mahali. Sasa wewe maneno ya watu ukishayapokea, unayapeleka wapi?"

Dada Pole akasimama. "Mama naye," akasema, akaenda jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Swali likabaki pale mkekani, hakuna aliyeliokota.

Kesho yake meneja akamwita juu. Chumba cha meneja kilikuwa na dirisha pana la kutazama uani, lakini pazia lake lilikuwa limeshushwa kwa sababu ya mwanga.

"Maduka yanarudisha mkate," meneja akasema. "Wanasema unaota ukungu kabla haujaliwa."

"Waliokuja kwangu wote nimewatuliza."

"Kumbe wamekuja? Mbona sikuambiwa?"

"Hawakuondoka na hasira, bosi. Nikaona hakuna haja ya kukusumbua."

"Vizuri," meneja akasema, na wote wawili wakaona ni vizuri kweli. Kisha akaendelea. "Nimewauliza watu wa tanuri, wanasema mkate ukitoka kwao ni mzima. Nimewauliza madereva, wanasema wanaupeleka vile walivyoukuta kwenye mifuko. Katikati hapo nani amebaki?"

Dada Pole alimjua aliyebaki.

"Keshokutwa kwenye kikao namwondoa msimamizi wa wafungashaji. Wewe niandalie tangazo. Mhusika amepatikana, ameondolewa, mkate sasa ni salama. Najua ni wifi yako. Ndiyo maana nakuambia mapema, usije ukasikia mbele za watu."

"Na kama siye?"

"Kama siye, ni nani?" Meneja hakuuliza kwa ubaya, alikuwa mtu aliyezoea kitu kikiharibika kiwe na mwenyewe. "Niletee mwingine, basi. Usiponiletea, ni huyo."

Dada Pole akashuka chumbani kwake, akaandika tangazo. Lilitoka haraka, na lilitoka tamu. Alipolisoma mwenyewe lilimtuliza, na hilo ndilo lililomtia hofu. Akamfikiria wifi yake akirudi nyumbani mchana, hana pa kwenda kesho, anachovya vidole kwenye beseni kwa mazoea tu.

Akalisukuma tangazo pembeni. Ikamjia sura ya mwalimu wake mmoja wa chuoni, mtu mwembamba, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi. Mwalimu huyo alichora duara ubaoni. Akasema, hiki ni kiwanda, au hospitali, au shule, chochote chenye watu ndani na watu nje, kiiteni mfumo. Akachora mshale wa kuingia: unga, maji, umeme, wafanyakazi. Akachora mshale wa kutoka: mikate, na maneno mnayowaambia watu kuhusu hiyo mikate. Halafu akachora mshale wa tatu, mwembamba, unaotoka nje na kurudi ndani. Huu ni mrejesho, akasema. Mkiufuta huu, duara litaendelea kuzunguka, ila litakuwa kama mtu anayetembea amefumba macho. Na ninyi watu wa uhusiano kazi yenu ni kuulinda huu mwembamba. Tena ndani ya duara msitafute kiungo kinachougua peke yake, hamtakipata.

Dada Pole alikuwa ameyanakili yote hayo, akafaulu mtihani. Sasa akakitazama chumba chake. Mshale wa tatu ulikuwa unaingia kwa mlango wa barabarani kila siku, unakaribishwa, unapewa pole. Akafuata kwa macho ulikoishia. Uliishia kwenye ndoo.

Akainuka, akaanza kusukuma maboksi. Yalikuwa mazito, na moja likapasuka, fulana zikamwagika miguuni. Mlango wa pili ulipofunguka ulilia kama mtoto aliyeamshwa, na joto la uani likamjia usoni pamoja na harufu ya mkate.

Alfajiri iliyofuata akaondoka nyumbani pamoja na wifi yake.

"Leo umepotea njia?" wifi akamuuliza. "Watu wa kalamu huja jua likishawaka."

"Nataka kuufuata mkate."

"Ufuate, lakini usiniguse meza yangu."

Wifi hakujua lolote la kikao, na Dada Pole hakuwa na moyo wa kumwambia.

Akaanzia kwenye tanuri. Mwokaji mkuu aliitwa Nyusi, kwa sababu hakuwa nazo. Moto ulizichukua zamani. Alikuwa anavuta trei, mikate imepanda, myekundu mgongoni, mizuri ya kutazama. Ukutani kulikuwa na vichanja virefu vya mbao, na juu yake waokaji wametundika makoti yao.

"Vile ni vya nini?" Dada Pole akauliza.

"Ni vya kupozea. Zamani mkate ulikuwa unalala pale mpaka ukiuweka shavuni hushtuki. Ndipo unakwenda kufungashwa. Siku hizi unapita hapa kama mgeni asiyetaka hata maji."

"Nani kasema upite?"

"Muulize dereva, Honi. Akishaanza kupiga honi, nani analaza mkate?"

Mezani kwa wafungashaji mikate ilikuwa inaingizwa mifukoni ingali inatoa moshi. Wifi alifanya kazi kwa ncha za vidole, anapuliza, anafunga. Akamnyooshea Dada Pole mfuko mmoja. Ndani ya plastiki matone yalikuwa yameshajaa, mkate unatoka jasho kama mtu aliyefunikwa blanketi mchana. Hata asiyewahi kuoka angejua nini kitaota humo kufikia kesho.

"Wifi, kwa nini hukuniambia?"

"Nimekuambia kila jioni kwamba vidole vinaungua." Wifi hakuinua macho. "Ukasema pole."

Dada Pole alishika ule mfuko mpaka joto likampita viganjani, akaurudisha.

Nje gari lilikuwa linanguruma, na dereva mkuu, huyo Honi, alikuwa anastahili jina lake. Dada Pole akapanda upande wa abiria.

"Honi, kwa nini unaondoka mapema hivi?"

"Unadhani napenda? Mke wangu ameanza kunisahau sura. Juzi ameniuliza nimekuja kusoma mita." Akakata kona. "Maduka yanataka mkate uwepo kabla hawajafungua. Nikichelewa, wananinunia. Mimi nikikimbizwa, nami namkimbiza Nyusi."

"Maduka yamekuwaje siku hizi?"

"Waulize wenyewe. Mimi ni wa usukani."

Duka la kwanza lilikuwa kwenye kona, na mwenye duka, mtu wa kipara na kandambili, alikuwa anapandisha mlango wa chuma huku anapiga miayo. Dada Pole akamsalimu kwa adabu, akamuuliza kwa nini anautaka mkate mapema namna ile, na barabara bado tupu.

"Mimi?" Yule bwana akamtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini ana kipara. "Mimi ningeutaka saa ya watu. Lakini kila anayepita hapa anasoma, halafu ananiuliza, mbona wamesema wamefika na hawajafika? Wengine wananicheka. Nimechoka kuchekwa kwa ajili ya ukuta wangu mwenyewe. Geuka nyuma yako usome."

Dada Pole akageuka. Rangi nyekundu, herufi kubwa kuliko yeye, toka chini mpaka kwenye bati: Kabla hujaamka, tumefika.

Alisimama pale mpaka Honi akapiga honi. Maneno yalitoka kwake, yakapanda ukutani. Ukuta ukamkimbiza mwenye duka, mwenye duka akamkimbiza dereva, dereva akamkimbiza mwokaji, mwokaji akatundika makoti kwenye vichanja, na mkate ukaenda kutoka jasho ndani ya mfuko. Ukarudi kwake kwa mlango wa barabarani umekumbatiwa na yule mama mnene, naye akaukaribisha na kuupa pole. Nadhani hapa baadhi yenu mmeshakitegua kitendawili changu, mji wenu kaeni nao.

Siku ya kikao walikaa kwenye chumba cha juu, meneja, Nyusi, Honi, wifi, na Dada Pole mwisho wa meza. Alikuwa amekuja na ndoo. Ameiweka miguuni, imefunikwa, na hakuna aliyeiuliza.

"Tangazo liko tayari?" meneja akasema.

"Liko tayari, ila si lile."

"Nilikuambia uniletee mwingine."

"Nimekuletea. Ni mimi."

Honi akakohoa. Wifi akageuza shingo taratibu, ndiyo kwanza anahisi kulikuwa na jina lililokuwa likingojewa pale, na kwamba lilikuwa lake. Dada Pole akaifunua ndoo. Harufu ikajieleza yenyewe. Kisha akausimulia mkate kuanzia ukutani hadi ndoo, bila kupamba, kwa sauti ambayo haikushuka mwishoni.

"Hawa kila mmoja amefanya kazi yake vizuri," akamaliza. "Ndiyo maana kila uliyemuuliza alikujibu kweli. Kosa halikai kwa mmoja wao. Limezunguka. Na lilikuwa linarudi kila siku kututafuta, mimi nikawa nalifungia mlangoni na kulituliza."

"Vichanja niliacha kuvitumia mimi," Nyusi akasema akitazama meza. "Sikumwambia mtu."

"Ungemwambia nani?" Honi akamuuliza. "Mlango ulikuwa na fulana."

Meneja akainuka, akavuta pazia. Uani mikate ya mchana ilikuwa inapita kutoka tanuri hadi mezani, ina moshi.

"Maneno yale makao makuu wanayapenda," akasema.

"Basi wapelekewe pamoja na mkate wa jana," wifi akasema, na hata meneja akashindwa kujizuia, akacheka puani.

Hakumwondoa mtu. Aliamuru vichanja virudi kazini na magari yangoje mkate upoe. Akasema kuta zipakwe chokaa. Akasema pia kwamba maduka mengine yatawakimbia, na kweli mengine yalikimbia, lile la kona halikukimbia. Wakiwa wanatoka akamsimamisha Dada Pole.

"Ile ofisi ya makao makuu," akasema, "tutaizungumza siku nyingine."

"Sawa, bosi." Alielewa kwamba siku hiyo haipo kwenye kalenda yoyote, hata zile za kwenye maboksi.

Tangazo alilobandika getini lilikuwa fupi. Lilisema kuanzia kesho mkate utachelewa, kwa sababu unaachwa upoe. Kwamba ahadi ya kufika mapema ilitolewa na kiwanda, na ukungu ulitokana na ahadi hiyo. Halikuwa tamu. Yule mama mnene alipita, akalisoma mpaka mwisho, akasema, "Angalau," akaingia kununua.

Fulana walipewa watu wa tanuri wakafanya matambara ya kushikia trei. Mlango wa pili ukabaki wazi, na mkate wenye kasoro ukiletwa, Dada Pole aliubeba mkononi akavuka nao uani, akauweka mezani mbele ya Nyusi na wifi, akawaambia aliyeuleta amesema nini, neno kwa neno, hata matusi.

Jioni moja wifi aliingia nyumbani, akalipita beseni bila kulitazama, akajitupa mkekani.

"Leo huogeshi vidole?" Dada Pole akamuuliza.

"Vimepona. Sasa kinachoungua ni masikio, kwa yale unayotuletea uani. Kuna mtu leo kasema mkate wetu una kiburi kama mfungashaji wake. Hilo nalo lilikuwa la lazima ulifikishe?"

"Lilikuwa na anwani yako."

Mama mkwe akacheka, ungo mapajani. Dada Pole akajisogeza karibu naye, akachota mchele kiganjani, akaanza kuchambua.

"Mama, uliniuliza swali."

"Mimi nauliza mengi. Lipi?"

"Maneno ya watu nikishayapokea, nayapeleka wapi."

Mama mkwe akatoa jiwe dogo mcheleni, akalitupa nje. "Enhe. Unayapeleka wapi?"

"Nilikuwa nayatia kwenye ndoo, mama, nafunika," Dada Pole akasema. "Sasa nayapeleka kwa mwenyewe. La kwanza nililofikisha lilikuwa la kwangu."